Fundi umeme wa Unga Limited hapa Arusha aliyenizimia taa ya ABS kwenye Carina TI: kazi safi, ila kusubiri ndo utaumia

Nianze na bei maana najua wengi mnatafuta hiyo. Kupima ni elfu 30, na ukiamua atengeneze yeye hiyo elfu 30 inaingia humohumo kwenye ufundi. Ufundi wenyewe, kufungua mguu wa mbele kulia, kutoa shafti, kubadilisha CV jointi ya nje (kile kiungo cha shafti kinachozungusha tairi hata ukikata kona) na kurudisha kila kitu, alichukua elfu 40 jumla. CV jointi yuzdi yenye ringi ya ABS, ile ya meno, nikanunua mwenyewe elfu 90 duka alilonielekeza. Kwaiyo laki na elfu 30 na taa imezima mpaka leo. Sehemu ya kwanza niliyopeleka gari walinipigia hesabu ya laki 6 na nusu, na kwa kile walichotaka kubadilisha taa isingezima.

Gari ni Carina TI ya 1999, injini 5A, hizi ambazo hapa Arusha bado zimejaa tu barabarani. Taa ilianza muda mfupi baada ya kubadilisha CV jointi ya kulia kwa fundi mmoja wa mtaani, maana ile ya zamani ilikuwa inagonga ka-ka-ka-ka kila nikikata kona. Kugonga kukaisha, taa ya ABS ikaja. Na ilikuwa na tabia yake: ukifungua swichi inawaka sekunde kama tatu inazima vizuri kabisa, unatoka Sakina huna wasiwasi, ukishika lami ukianza kuchanganya tu hiyo hapo, njano, na haizimi tena mpaka uzime gari. Kesho yake hivyohivyo. Breki zenyewe zilikuwa zinakamata kama kawaida, na hilo ni jambo la kujua kwanza kabla hujapaniki: taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake breki za kawaida unazo, ulichopoteza ni ile kinga ya tairi kutojifunga ukikanyaga kwa nguvu. Ila ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki na hendibreki umeshusha, hiyo paki pembeni, usijaribu kufika nayo nyumbani.

Sasa hiyo gereji ya kwanza siitaji jina, ni kubwa, ina geti na mlinzi na viti vya kusubiria, kwa starehe nawapa maksi zote. Kijana akachomeka mashine yake ya tableti, ikazunguka weee, mwisho ikaandika haiwezi kuwasiliana na mfumo wa ABS. Yeye akatafsiri kwamba boksi la ABS limekufa, pampu na kompyuta yake pamoja, inabidi iagizwe Dar. Nikamuuliza kama limekufa mbona nikifungua swichi taa inazima yenyewe? Akanijibu dada hizi gari za zamani zina mambo yake. Haya, nikachukua funguo zangu.

Shemeji naye akaniletea kale kadude ka ELM327 ka bluetooth, ka kusomea kompyuta ya gari kwenye simu, anakotumia kwenye gari yake, tukachomeka, simu ikatafuta ikachoka. Nakataja kwa sababu kanauzwa sana mitandaoni kwa maneno kwamba kanasoma gari yoyote na taa zote. Hakasomi. Haka kanaongea lugha ya OBD2, ambayo Marekani ndo waliwalazimisha watengenezaji waiweke kuanzia gari za modeli ya 1996, tena kwa ajili ya injini na moshi. Carina yetu ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, sheria hiyo haikuihusu, unaweza kukuta hata soketi inafanana lakini ndani lugha ni nyingine. Na hata pale kanapofanya kazi, programu za bure za kwenye simu zinakusomea injini tu, ABS ni mlango mwingine wenye ufunguo wake. Ukiwa na gari ya miaka ya karibuni nunua, cheki injini ni kazuri kwa bei yake, ila kama tatizo lako ni ABS ya Toyota ya miaka ya tisini hiyo hela weka mafuta.

Huyu fundi nilielekezwa na dereva wa Noah ya Usa River. Yuko Unga Limited, hana kibao, ana uwanja wa vumbi wenye bati upande mmoja na machalii wawili wanaomsaidia, uliza fundi umeme wa Toyota za zamani utafikishwa. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba alianza na mdomo kabla ya spana. "Dada, taa inawaka lini, ukifungua swichi au ukishatembea?" Nikamwambia nikishatembea. "Na kabla haijaanza ulifungua nini?" Nikamwambia CV jointi. Akaguna tu.

Alafu akanieleza, na hapa ndo nilianza kuona hela yangu inaenda mahali pazuri. Kompyuta ya ABS ukifungua swichi inajikagua yenyewe gari ikiwa imesimama: waya zimeshikana, sensa (vile vidude vya kwenye kila tairi vinavyosoma mwendo wake) hazijakatika ndani, rilei zipo, fyuzi ipo. Kimoja kikikosekana taa haizimi kabisa toka mwanzo. Ikizima alafu ikawaka ukiwa mwendoni, maana yake kwa upande wa umeme imeridhika, shida imeiona pale matairi yalipoanza kuzunguka na hesabu hazilingani. Hapo unatafuta mambo mengine: uchafu kwenye sensa, meno ya ringi, beringi yenye uchezo, hata tairi moja ya saizi tofauti na wenzake. Kwaiyo lile swali langu kwa yule kijana wa tableti kumbe lilikuwa na jibu, na jibu lenyewe ni bure.

Pamoja na kuguna kwake hakurukia kwenye CV. Akazunguka gari akasoma saizi za matairi yote manne, akaangalia mafuta ya breki, akapima betri, ikaleta volti 12.5 imezimwa na 14 na kitu ikiwa inanguruma, maana umeme ukiwa mdogo nao unaweza kuiwasha hiyo taa. Alafu akafungua boneti, kuna kile kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS juu ya mfuniko, wengi tunakiona kila siku tukiongeza maji na hatujui cha nini. Ndani ya mfuniko kuna majina ya matundu. Akachukua kipande cha waya akaunganisha TC na E1, akafungua swichi bila kuwasha gari, akaniita. "Njoo kaa hapa uhesabu wewe mwenyewe."

Taa ya ABS ikakonyeza mara tatu, ikatulia kidogo, ikakonyeza mara moja. Ikapumzika, ikarudia. Tatu, moja. Taa ya injini nayo inakonyeza kivyake pembeni na ya airbag nayo inaweza kuingia kwenye muziki, usiziangalie, shika ya ABS tu. Hiyo ni kodi 31, yani namba ya kosa ambayo kompyuta imelihifadhi. Kwenye Toyota hizi 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Kama hamna tatizo taa inakonyeza harakaharaka mfululizo bila kupumzika. Yani mashine ya mamilioni ilishindwa kuongea na hii gari, kipande cha waya kikaongea nayo. Ila na nyie msikimbilie kuchokonoa, humohumo kwenye kiboksi kuna tundu lina umeme wa betri moja kwa moja, ukikosea ukaliunganisha na E1 umeunguza.

Sasa mafundi wengi wakishaona 31 wanakwambia kanunue sensa ya mbele kulia. Huyu akasema kodi inakutajia mtaa, nyumba unatafuta mwenyewe. Akapiga jeki, akachomoa soketi ya sensa ya kulia, akaweka mita kwenye omu. Ikasoma kilo-omu 1.1. Akaenda ya kushoto, 1.1 na kitu. Zinalingana, kwaiyo sensa haijakatika. Akapima waya kutoka soketi mpaka kwenye boksi la ABS huku chalii mmoja anautikisa, haukatiki. Alafu akageuza mita kwenye volti za AC, akaniambia nizungushe tairi ya kushoto kwa mkono. Namba zikapanda, 0.2, 0.3, ukiongeza kasi zinaongezeka. Tukahamia kulia, nikazungusha, sifuri. Nikazungusha kwa nguvu, sifuri.

Hizi sensa za zamani ni sumaku na koili tu, hazipewi umeme na mtu, jino la ringi likipita mbele yake ndo zinatengeneza kaumeme kadogo ka kwenda na kurudi, na kompyuta inahesabu hayo mapigo kujua tairi inazunguka kasi gani. Yeye alinielezea kwa namna ya kwao Monduli: sensa ni mtoto umemweka mlangoni mwa boma ahesabu ng'ombe wakiingia, huyu wa kulia ni mzima na macho anayo, ila hamna ng'ombe wanaopita.

Akatoa tairi, akamulika tochi. Upande wa kushoto CV jointi imevaa ringi ya chuma yenye meno kuzunguka. Kulia nikapitisha kidole mwenyewe, laini kabisa, hamna jino hata moja. Ile CV niliyofungiwa mtaani ni ya Carina kweli, inaingia, inazunguka, haigongi, ila ni ya gari isiyo na ABS. Zinauzwa za aina zote mbili na kwa macho ya haraka hazitofautiani, na aliyenifungia hakuuliza wala hakulinganisha na aliyoitoa. Nikampigia simu kuulizia ile ya zamani, ikawa imeshaenda skrepa. Kwaiyo ndugu zangu mkibadilisha CV au beringi, ya zamani na mpya ziwekwe chini pamoja uzione kabla haijaingia hata boliti moja.

Kabla sijaenda dukani alihesabu meno ya ringi ya kushoto, akaweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza akazunguka nalo mpaka likarudi, yakawa 48, akaniandikia kwenye kipande cha boksi. Maana zipo zenye meno idadi nyingine na ukifunga hiyo kompyuta itaona tairi moja mwendo wake haulingani na wenzake, unarudi palepale. Dukani ya kwanza waliyonipa kweli ina ringi, nikaanza kuhesabu kaunta nzima inaniangalia, jamaa akaniuliza mama wewe ni mhasibu? Ilikuwa na 48, ila ringi imepata ufa, kwa ushauri niliopewa nikaikataa, ringi yenye ufa inaleta mapigo ya ajabu na ndo zile gari unakaribia kusimama mwendo wa kinyonga, barabara kavu, pedali inatetemeka bila sababu. Ya pili ilikuwa safi.

Wakati wa kufunga kuna kitu kingine nilipenda. Sensa hakuigonga na nyundo. Akapuliza, akatia mafuta ya kulegeza kutu, akaacha, akaizungusha taratibu mpaka ikatoka. Ncha yake ilikuwa imevaa unga mweusi wa chuma, ni sumaku kwaiyo kila kinachosagika kwenye breki inakivuta, na kwa haya mavumbi yetu ukichanganya na tope la masika inaganda. Akafuta na kitambaa na brashi laini. Anasema sensa nyingi zinazokufa Arusha hazifi zenyewe, zinauliwa na nyundo siku ya kubadilisha beringi.

Kufuta kodi nako hakutumia mashine. Waya ukarudi TC na E1, swichi ikafunguliwa, akaniambia kanyaga breki harakaharaka, mara nane na kuzidi, usipumzike. Nikakanyaga kama chizi, taa ikabadilika ikaanza kukonyeza mfululizo. Waya ukatoka, tukaenda kujaribu barabara ya vumbi upande wa Muriet. Mwendo wa 40 akaniambia kanyaga yote na usiachie. Pedali ikatetemeka chini ya mguu, krrrrr, usukani ukabaki unanitii, taa haikuwaka. Njiani kurudi akaongeza kwamba nisije nikajiaminisha, kwenye kokoto na vumbi ABS inaweza hata kukuchelewesha kusimama ukilinganisha na tairi iliyojifunga ikajichimbia, faida yake ni unaweza kukwepa. Ni mafundi wachache wanakwambia upungufu wa kitu walichotoka kukutengenezea.

Haya sasa yanayokera. Kusubiri. Aliniambia niwe pale saa 4, gari yangu imekuja kuguswa saa 8 mchana na sikuwa nimechelewa. Hachukui oda kwa simu, na simu yenyewe hapokei akiwa chini ya gari, ambako ndo anakoishi. Kivuli ni kile cha bati na mchana jua linahamia upande wa wateja, viti ni matairi. Choo usiulize. Risiti hatoi, nilipomwomba akaniandikia kwenye karatasi ya daftari, kwa wenye gari za ofisi hiyo haitawasaidia. Machalii wake wanapiga muziki mpaka huwezi kuongea na simu ya kazini. Na mwenyewe ana maneno makavu, kuna baba mmoja alikuja anajua tatizo tayari amelisoma sehemu, akaambiwa basi tengeneza mzee, spana hizo hapo. Mimi nilicheka, yule baba hakucheka.

Mipaka yake anaijua lakini. Ilikuja Volkswagen moja akaikataa mlangoni, akasema hizo mpelekee mwenye mashine yake, mimi nitakula hela yako bure. Toyota za miaka ya tisini mpaka elfu mbili na kitu ndo anazoziweza, na Nissan kidogo.

Kwenye kusubiri kwangu ndo nikaona kingine ambacho wanunuzi wa gari za mkononi lazima mkijue. Jamaa kaleta RAV4 aliyoinunua kwa dalali, anasema haina shida ila breki zikikanyagwa kwenye utelezi tairi zinajifunga. Fundi akamwambia fungua swichi usiwashe. Taa ya ABS ikawaka, tukasubiri, haizimi. Akasema washa. Ikazima sawia na taa ya oili. Kumbe muuzaji alitoa waya wa taa ya ABS akaunganisha na wa oili, kwaiyo ukiwasha gari zote zinazima pamoja na mnunuzi anaona dashibodi safi. Ya ABS inatakiwa izime yenyewe baada ya hizo sekunde chache hata kama injini hujaiwasha. Na isipowaka kabisa ukifungua swichi, balbu imetolewa au imeungua. Hata mimi kuna mtu alishaniambia nimpe elfu 10 aniondolee "tatizo", na tatizo alilomaanisha ni balbu.

Nampa nyota 4. Ya tano ameipoteza kwenye lile jua. Ukienda fika kabla ya saa 2 asubuhi, katikati ya wiki, Jumamosi usijaribu maana madereva wa Noah wote wanakuwa pale. Nenda na muda wako, kofia, maji, na pesa taslimu ingawa ya simu anapokea. Mimi narudi kwake kabla ya masika, waya wa sensa ya nyuma kushoto ganda limeanza kupasuka karibu na shokapu, alinionyesha akasema kwa sasa unafanya kazi na hataki hela ya kitu kinachofanya kazi, ila maji yakianza kuingia nitaiona 34, au nije mapema na elfu 15 aufunge vizuri.